Ruzuku Huja Mara Moja: Maneno kwa Viongozi wa Mitaa ya Kigoma Ujiji

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wenyeviti na watendaji wa mitaa, wajumbe wa kamati za shule na zahanati, na viongozi wa vikundi waliokutana Mwanga, mjini Kigoma. Inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mkutano, waheshimiwa madiwani mliopo, wenyeviti wa mitaa, watendaji, wajumbe wa kamati, wazee wangu, akina mama wa vikundi mliotoka Kibirizi na Katonga, vijana, mabibi na mabwana: Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, na kwa jamaa zangu wa Buha, mwakeye.

Nimeombwa nizungumzie namna mji unavyoweza kutumia fedha za ruzuku kuboresha maisha ya watu wake. Kazi yangu ilikuwa maendeleo ya jamii mpaka nilipostaafu, na ninyi mnajua kwamba mstaafu akishapewa kipaza sauti hakirudishi kwa hiari yake, kwa hiyo namwomba Mwenyekiti anikumbushe muda. Ninalo jambo moja tu la kusema. Ruzuku huja mara moja, lakini maamuzi yanayoifanya iwe faida au iwe hasara hufanywa na mtaa wenyewe, kabla fedha haijafika na baada ya aliyeitoa kuondoka. Siku za ujenzi wenyewe, ambazo ndizo tunazopenda kuzipiga picha, ni sehemu fupi kuliko zote.

Kwanza tuelewane tunazungumzia fedha zipi. Ipo ruzuku ya maendeleo inayotoka Serikali Kuu na kupitia halmashauri. Ipo miradi ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambayo nchi hii imekuwa nayo tangu mwaka 2000. Upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge. Zipo fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambazo tangu mwaka wa fedha 2017/18 huingia moja kwa moja katika akaunti ya zahanati au kituo cha afya. Zipo ruzuku ndogondogo za balozi na mashirika, zinazoombwa kwa andiko la mradi. Na ipo miradi mikubwa ya miji: mwaka 2010 Kigoma Ujiji iliingizwa katika Mradi wa Uendelezaji wa Miji ya Kimkakati pamoja na Arusha, Dodoma, Mbeya, Mtwara Mikindani, Mwanza na Tanga, na sasa tumo katika TACTIC, mradi wa kuboresha miundombinu ya miji, wenye miji 45.

Sasa niulize: fedha hizi ni za bure? Nimesikia mara nyingi mtu akisema, "Aah, hizo ni za wafadhili." Ndugu zangu, miradi ile miwili mikubwa niliyoitaja mwishoni inategemea mkopo wa Benki ya Dunia. Kwa halmashauri inashuka kama ruzuku, kwa taifa ni deni, na mjukuu wako atalilipa kila atakapokwenda dukani kununua sabuni. Hata ile ya Serikali Kuu imetoka katika kodi yako mwenyewe. Kwa hiyo anayeiba mfuko wa saruji kwenye mradi wa ruzuku hajamwibia mzungu. Ametuibia sisi, na amewaibia watoto ambao bado hawajazaliwa.

Nifungue mabano kidogo hapa. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, si ruzuku. Ni mkopo usio na riba. Kikundi kinachokopa kikiamini kwamba kimepewa zawadi kinawafungia mlango wenzao wanaosubiri nyuma yake. Nafunga mabano.

Kila fedha ya ruzuku ina kasma yake, yaani fungu la matumizi iliyotengewa. Fedha ya vyoo vya shule haijengi uzio, hata kama mkutano mzima unataka uzio, na hata kama ni kweli kwamba mbuzi wa jirani wanamaliza bustani ya shule. Na kila fedha ina kalenda yake, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Mtaa unaoanza kubishana kuhusu mahali pa kujenga mwezi Aprili, fedha ikiwa tayari benki, umeshachelewa. Wakati wa kubishana ni kabla ya bajeti, wakati wa zoezi la Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, yaani mikutano ya wananchi ya kupanga vipaumbele vyao, ambapo kila mtu ana haki ya kusimama na kusema mwalo wetu, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hauna choo. Bishaneni wakati huo, tena sana.

Na katika kubishana huko kuna ugonjwa mmoja ambao nataka niuseme waziwazi, hasa kwa kuwa madiwani wako hapa. Ugonjwa wenyewe ni kugawana sawa. Inapatikana fedha, na kila kata inataka kipande chake ili pasiwe na manung'uniko. Inaonekana ni haki. Ni haki kweli? Tupige hesabu pamoja. Kiwango ambacho Serikali imekuwa ikikitumia miaka ya karibuni kumalizia boma moja la darasa, yaani jengo ambalo wananchi wameshalifikisha usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ni shilingi milioni 12.5. Tuseme zimepatikana milioni 100. Ukizielekeza kwenye maboma yaliyo tayari, unapata madarasa manane yaliyopauliwa, yenye sakafu, milango na madirisha, na watoto wanaingia. Ukizigawa sawa kwa kata zetu 19, kila kata inapata milioni tano na ushee, ambazo hazimalizi boma hata moja. Mwaka unakwisha, mna kata 19 zenye risiti na hamna darasa hata moja. Kila diwani ana la kuonyesha, na hakuna mtoto aliyeketi.

Najua jibu lake: "Na sisi tutangoja hadi lini?" Ni swali la haki, na ndiyo maana utaratibu wa zamu lazima uandikwe na ujulikane. Mwaka huu kata hizi, mwaka ujao zile, kwa vigezo ambavyo vimesomwa mbele ya Kamati ya Maendeleo ya Kata na kuingia katika muhtasari. Mwananchi anavumilia zamu anayoijua. Asichokivumilia ni zamu inayobadilishwa usiku.

Tena angalieni thamani ya nguvu za wananchi katika hesabu hiyohiyo. Mwaka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipojenga madarasa 15,000 nchi nzima, darasa moja lilitengewa milioni 20 kuanzia msingi. Boma linamaliziwa kwa milioni 12.5. Tofauti yake ni milioni saba na nusu, na hiyo ni sura ya fedha ya mawe mliyoyasomba, mchanga mliouchekecha na tofali mlizozifyatua. Mtaa wenye boma umeshaweka akiba, na akiba hiyo inaifanya ruzuku ifike mbali zaidi. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba michango ya nguvu ni mambo ya zamani, mwulizeni yeye ataileta hiyo milioni saba na nusu kutoka wapi.

Ila boma lijengwe mahali ambapo ni penu. Hapa ndipo naomba mnisikilize kuliko sehemu nyingine zote.

Kuna mtaa mmoja, ambao sitautaja kwa sababu wenyewe wamo humu ndani na wameshachoka kutajwa, uliamua kujenga zahanati. Mzee mmoja mwenye roho nzuri akasimama katika mkutano mkuu wa mtaa akasema, chukueni kiwanja changu kile cha juu, karibu na mwembe. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na wiki hiyohiyo msingi ukaanza kuchimbwa. Walijenga kwa bidii kiasi kwamba boma lilifika lenta kabla hata halmashauri haijaliingiza katika orodha. Miaka ikapita. Mzee akatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Ndipo fedha ya kumalizia boma la zahanati ikapatikana, kwa kile kiwango mnachokijua cha milioni 50, na wataalamu wa manispaa wakaja kukagua. Swali lao la kwanza halikuhusu tofali wala mchanganyiko wa zege. Waliuliza: karatasi iko wapi?

Karatasi haikuwepo. Yalikuwepo makofi. Yalikuwepo vigelegele. Muhtasari wa siku ile ulisema "mkutano ulifungwa saa nane mchana kwa sala," na habari ya kiwanja haikuwemo. Kisha akatokea mmoja wa watoto wa marehemu, anayeishi Dar es Salaam, akasema kwa upole kabisa: "Baba alisema mtumie, hakusema mchukue." Je, mngemjibu nini? Na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaongea kama mrithi yeyote ambaye hakuulizwa. Shauri likapelekwa Baraza la Kata lisuluhishwe, familia ikagawanyika, mjane akawa hajui asalimie upande gani, na Juni ikafika. Fedha ikaelekezwa kwenye kata nyingine iliyokuwa na boma na karatasi yake. Mimi nasema waliofanya uamuzi huo walifanya sawa, ingawa nilikuwa namfahamu yule mzee na iliniuma.

Karatasi inayotakiwa si kubwa. Ni muhtasari wa kikao cha familia wenye saini ya mwenye eneo, saini ya mke au mume wake, na za watoto waliofikia umri wa utu uzima. Ni majina ya majirani wanaopakana na eneo hilo, pamoja na mchoro unaoonyesha mipaka. Ni muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa unaopokea eneo, wenye mahudhurio na mihuri ya mwenyekiti na mtendaji. Nakala moja ibaki ofisi ya mtaa, moja ipelekwe idara ya ardhi ya manispaa, na moja apewe mwenye eneo mwenyewe, maana naye anastahili ushahidi wa wema wake. Ikiwa familia inadai fidia, ni afadhali mlijue hilo mapema kuliko kulijua mkiwa mmefika lenta. Kwa hiyo, wenyeviti mliochaguliwa Novemba 27, 2024, mkirudi kwenye mitaa yenu, kila mlipo na boma jiulizeni: karatasi iko wapi? Kila mlipo na kisima jiulizeni: karatasi iko wapi? Na kama haipo, mwenye eneo bado yu hai, nendeni kwake kesho asubuhi.

Sasa fedha imefika. Siku hizi miradi mingi ya ngazi ya chini hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: shule au zahanati yenyewe inanunua vifaa na kuajiri fundi, na jamii inaunda kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi. Tangu ilipokuja Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, manunuzi hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, na sheria hiyo inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Vikundi mlio hapa, mmejisajili? Naona mikono michache sana. Mtalalamika kwamba tenda ya madawati imekwenda mbali, na ninyi kwenye mfumo hamuonekani.

Lakini kamati ninayoiheshimu kuliko zote ni kamati ya mapokezi, ingawa watu huidharau na kuijaza wale waliokosa nafasi kwenye kamati nyingine. Nilimwona mama mmoja, muuza dagaa, akiwa mjumbe wa kamati hiyo katika ujenzi wa madarasa. Mhandisi alikuwa amempa kipande cha nondo ya milimita 12, kirefu kama kidole, naye alikifunga kwenye pindo la kanga yake. Lori lilifika jua likizama, wakati ambao malori ya namna hiyo hupenda kufika. Fundi alikuwa na haraka, dereva alikuwa na haraka, mwalimu alitaka kufunga stoo. Yule mama akafungua pindo, akatoa kipande chake, akaanza kukilinganisha na ncha za nondo, moja baada ya nyingine, kwa mwanga wa tochi ya simu. Katikati ya kifurushi akakuta za milimita 10. Dereva akacheka: "Mama, tofauti yake ni nyembamba kama kucha." Mama akamwambia, "Basi iwe nyembamba kwako, mimi sisaini."

Nawaomba mjue alichokikataa. Nondo ya milimita 10 ina chuma pungufu kwa takriban asilimia 30 ukiilinganisha na ya 12. Mtu anayeleta ya 10 kwa bei ya 12 amechukua karibu theluthi ya chuma cha lenta inayokaa juu ya vichwa vya watoto wetu. Lori lilirudi na nondo zake usiku uleule. Yule mama hakuwa amesomea uhandisi. Alikuwa amezoea sokoni, anajua kwamba kipimo cha kisado kina kitako cha kweli na kitako cha uongo, na alijua kwamba saini yake ndiyo mlango.

Baada ya mapokezi, bandikeni. Wakongwe wa mji huu wanakumbuka kwamba mwaka 2016 Kigoma Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali za mitaa 15 za mwanzo duniani zilizoingia katika mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi. Mwaka uliofuata nchi ilijitoa katika mpango huo, na sisi tukatoka nao. Tulitoka kwenye mpango, sawa, lakini hakuna aliyetukataza kubandika karatasi kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Kiasi kilichopokelewa, kilichotumika, kilichobaki, jina la fundi, idadi ya mifuko ya saruji. Iandikwe kwa herufi ambazo mzee asiye na miwani ataziona, na ibadilishwe kila wiki mradi ukiendelea. Mkaguzi akija, anakuta wananchi wameshakagua.

Nimalizie na siku ya pili baada ya uzinduzi. Siku ya kwanza tunaijua: utepe, fulana, ngoma, na pilau. Siku ya pili ni nani atakayefagia? Nani atalipa umeme? Nani atanunua kitasa? Fedha ya ruzuku, kwa sehemu kubwa, inajenga na kununua, kisha inaaga.

Akina mama wachakataji wa dagaa wanalielewa hili vizuri. Kikundi kinapata ruzuku ya kujenga vichanja vya kuanikia, na faida inaonekana haraka, kwa sababu dagaa wa kichanjani hawana mchanga na bei yao ni nzuri kuliko wa kuanikwa chini. Ila wavu unachanika na nguzo zinaoza kwa mvua. Tuseme kikundi kina vichanja 20, na kila anayeanika analipa shilingi 500 kwa kichanja kwa siku. Wakifanya kazi siku 20 kwa mwezi, ni shilingi 200,000. Wengi wangezidisha mara 12 wakafurahi. Msizidishe mara 12! Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa, yaani uvuvi ulisimamishwa, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na miezi hiyo mitatu hakuna aliyeanika. Zidisheni mara tisa, mpate milioni moja na laki nane, na hapo ndipo mpange ukarabati, mlinzi na choo. Kikundi kinachopanga kwa hesabu ya miezi 12 kitafika Julai hakina kitu.

Na ziwa lenyewe halijatusahau. Mmeona wenyewe Kibirizi, Katonga na Ujiji jinsi maji yalivyopanda miaka hii, yakaingia katika nyumba na mabanda ambayo mwenyewe alidhani yako nchi kavu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na wapo watu wanaoiona kama usumbufu wa maofisa. Miundombinu ya mwalo, kama gati, lazima iguse maji, na hiyo ina taratibu zake za tathmini na vibali. Lakini choo, stoo na ofisi ya kikundi vinatafuta nini majini? Mtu akiwashauri mjenge choo cha ruzuku karibu na ufukwe ili wavuvi wasitembee sana, mkataeni. Choo kikichukuliwa na maji, hakuna mfadhili atakayerudi kukijenga mara ya pili, na kinyesi kitakuwa kimeingia katika maji tunayoyachota.

Katika kila andiko la mradi mtakaloandika tangu leo, wekeni ukurasa wa uendeshaji: chanzo cha mapato, anayekusanya, anayetunza daftari, na akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Wafadhili wengi wanausoma ukurasa huo kabla ya kusoma bei ya saruji. Maafisa maendeleo ya jamii wa kata wapo kwa ajili hiyo, watumieni. Na mapendekezo ya mwaka ujao wa fedha yafike kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata mapema, kabla manispaa haijaanza kufunga vitabu vya bajeti, yakiwa na muhtasari wenye mahudhurio na karatasi ya kiwanja nyuma yake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na umekuwa mstahimilivu. Tuna nafasi ya maswali. Naona mzee mmoja pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja kiwanja cha zahanati, na hajaushusha mpaka sasa. Naomba aanze yeye.